Melkizedek Asafisha Orodha ya Miwa

Melkizedek alipoacha kufundisha historia kule Mikumi, hakusema ameacha kazi. Alisema amehamia kwenye data. Tangazo la mtandaoni lilikuwa limemhakikishia kwamba uchambuzi wa data hauhitaji kujua kuandika programu, na yeye, ambaye kuwasha projekta ya shule kulimtoa jasho, aliliamini neno kwa neno. Kozi ilipokwisha, cheti kikatundikwa sebuleni kwa mama yake, kijijini Ruhembe, juu kidogo ya picha ya askofu. Suruali zake nazo zikawa za kubana, kama za vijana wa kompyuta.

Chama cha wakulima wa miwa kikampa msimu mmoja wa majaribio: apange zamu za kuvuna, wakataji waingie shamba gani kwanza. Akivurunda, anarudi kwenye chaki. Alikuta orodha imejaa majina yanayojirudia, akatikisa kichwa kwa huruma ya msomi. "Data yenu ni chafu," aliwaambia viongozi, nao wakaona aibu kana kwamba wamekutwa hawajaoga.

Sasa, pale Ruhembe, mzee akifa watoto hugawana shamba, lakini kwenye chama kila kipande hubaki kwa jina la marehemu. Kubadilisha jina ni kuchokoza ugomvi wa urithi, na hakuna anayeutaka. Melkizedek alilijua hilo tangu anavaa kaptula. Mama yake mwenyewe, Costancia, alilima kipande cha babu Yeremia. Lakini kozi ilisema marudio yafutwe, na kozi ilikuwa na cheti. Akabonyeza. Orodha ikanywea, chati ikapendeza, viongozi wakapiga makofi.

Msimu ukaenda. Wakataji wakavuna kwa mjomba Zabron, ambaye kipande chake kilitangulia kwenye jina la babu Yeremia, wakaruka vipande vya ndugu zake wote, cha Costancia kikiwamo. Majirani waliorukwa vilevile walipolalamika, Costancia aliwatuliza kwa maringo: "Mwanangu ndiye anapanga. Tulieni." Hakumsumbua hata kwa simu, maana mtoto ana kazi ya kompyuta. Miwa ikatoa maua, ikakauka. Mvua zikaanza, kiwanda cha sukari kikafunga msimu.

Ndipo Costancia alipomfuata mwanawe ofisini, kitenge kimeloa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Miwa yangu imekosa nini?"

Melkizedek akatafuta kwenye skrini, akatafuta tena. Jina la babu yake lilikuwapo mara moja tu.

"Mama, mfumo ulidhani ni mtu mmoja."

"Ni mtu mmoja," alisema Costancia. "Alizaa watoto sita. Na huo mfumo ni nani? Si ndiye wewe?"

Chama kilimwongezea msimu mwingine, kwa sababu chati ya hasara aliyoichora ilipendeza kuliko ile ya kwanza.

Costancia siku ile alirudi kwa njia ya nyuma ya mashamba, asipite milangoni kwa watu aliowaambia watulie. Alipofika nyumbani alikishusha cheti ukutani, akamwacha askofu.