Jino la pinyo lilivunjika kwa haraka yangu

Kak!

Sauti ile ingali mu masikio yangu mpaka leo.

Wakuu, jambo yenu kutoka Butembo. Hii ilinipata mimi mwenyewe, chumvi siongezi. Mwenye kubisha apite atelier, karakana yetu, nitamuonyesha jino lenyewe.

Ninafanya kazi kwa Papa Abdala, fundi vyuma, mutu wa Beni. Masomo yangu ni kidogo, mais ndoto ninazo mingi: siku moja Butembo itauzisha pinyo mpaka Kampala. Mucheke tu.

Wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara. Mama Kahindo alikuwa amekimbia Kamango na mashini yake ya kusaga muhogo juu ya camion, akaiweka hapa Rughenda. Batoto wake batano balikula kwa mashini ile. Siku moja pinyo, lile gurudumu la meno lenye kuizungusha, likaisha. Kuagiza ingine Uganda? Kwa njia gani?

Papa Abdala akachonga mbili, moja ya kazi, moja ya akiba. Akazichoma ndani ya sanduku la makala, yaani makaa, akazitosa mu mafuta. Ngozi ya juu ikawa ngumu, ndani ikabaki laini. Mais moto ilizipinda kidogo, meno yakawa yanabanana. Na tupa ilikuwa inateleza juu yake kama juu ya kioo.

Hapo njo kazi ya mashini yetu ya cheche. Watu wa vitabu wanaiita EDM. Unatosa pinyo ndani ya mafuta ya taa, unasogeza kipande cha shaba karibu bila kugusa, cheche zinakula chuma pole pole. Ugumu wa chuma hauzitishi.

Papa akanionyesha kifungo cha courant, ile nguvu ya umeme, akaniambia, "Masika, courant tatu. Usipite." Akaenda kusali.

Mama Kahindo akaikalia bidoni, dumu yake, pale mulangoni. "Mwana, batoto habajakula."

Roho ikaniuma. Nikapandisha mpaka kumi na mbili.

Papa kurudi, nimeshamaliza! Tukaifunga mu mashini ya Mama Kahindo, ikazunguka. Hata beseni moja ya muhogo haikuisha.

Kak!

"Ulipandisha courant?"

"Kidogo tu, Papa."

"Kidogo yako iko ngapi?"

Nikasema. Mama Kahindo akapiga makofi: "Kumi na mbili! Kwenu munapika maharagi namna hiyo? Ganda inapasuka, ndani mbichi! Nani atakuoa?"

Nilicheka na machozi. Papa akanielezea: cheche kubwa inayeyusha uso wa jino, unaganda tena na nyufa ndogo ndogo. Macho hayazioni. Uzito wa kusaga unaziona.

Ilibaki ile ya akiba. Ya mwisho.

Siku mbili, wakuu. Courant tatu, kisha moja, kisha jiwe laini na mafuta, jino kwa jino, mpaka ngozi ile ya kuungua itoke. Mama hakuketi tena, alienda kukopa unga kwa majirani.

Tukaifunga. Beseni ya kwanza. Ya pili. Ya kumi. Mama akachota unga, akanipaka mu shavu: "Haya, sasa unaweza kuolewa."

Nilichojifunza: huruma ni nzuri, mais isishike courant. Nanyi mafundi wa humu, haraka iliwaharibia nini? Mutuambie, tusicheke Masika peke yake.

Jioni ile, bote bameenda, nilitoa verni yangu nyekundu ya kucha. Nikachora musitari kwenye kifungo cha courant, pale kwenye tatu. Nikaipuliza mpaka ikakauka.