Ng'ombe wa Kaka Ambros Walioshuka Bila Maua

Kaka yangu Ambros hajaoa, na watu wa Spiringen, kijiji chetu, husema ni kwa sababu maneno yake yote huyamaliza kwa ng'ombe. Kila kiangazi huwachunga wake na wa majirani kule Urnerboden, ng'ambo ya mlima. Majira ya baridi huja kula kwangu Jumapili, na akisukuma sahani upande wangu, maana yake niongeze viazi. Lakini Falka, ng'ombe wake mkongwe, akipiga chafya zizini, Ambros humwuliza amelalaje.

Mwaka huu Luzia, binti yangu wa pekee, alimaliza shule akataka kwenda kuchunga na mjomba wake. Nilikataa. Nilimtajia radi, makorongo, ukungu. Ambros alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, wewe ungezaliwa kengele, zizi zima lisingelala." Luzia akacheka, wakaondoka.

Siku yao ya kurudi, mwezi wa Septemba, nilipanda basi la posta hadi kileleni Klausen, pale barabara inapovuka mlima, ili niwapokee. Simu ya Luzia ilikuwa haipatikani tangu dhoruba ya katikati ya wiki. Nilijiambia ni chaji imeisha. Wageni walikuwa wamejipanga kando ya barabara na kamera zao, kwa kuwa siku hiyo ng'ombe huvikwa mashada ya maua vichwani. Mwanamke mmoja aliniomba nisogee, namharibia picha. Nikasogea.

Tulisikia kengele kabla ya kuona chochote. Kisha ng'ombe wa mbele akatokeza kwenye ukungu, na wa pili, na wa tatu. Vichwa vitupu. Hata utepe hakuna.

Wageni walinung'unika kwamba wamedanganywa. Mimi niliingia barabarani. Kwetu maua ni shukrani kwamba wote waliopanda wanashuka. Msiba ukitokea malishoni, wa mtu au wa mnyama, ng'ombe hurudi bila maua, na watu wa bondeni huvua kofia kabla hawajauliza.

Ambros alikuwa mbele na fimbo yake, macho mekundu. Mkia wa kundi ulikuwa bado umemezwa na ukungu. Nilimshika mkono wa koti katikati ya barabara, ng'ombe wakatupita huku na huku.

"Luzia yuko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi, Ambros?"

"Nyuma ya ng'ombe. Sasa mchungaji akae wapi?"

Ndipo aliponitazama usoni, na nadhani ndipo alipoelewa nilichokuwa nimekisoma kwenye vile vichwa. Akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakulifanya hata tulipomzika mume wangu.

"Ni Falka," akasema. "Radi imempiga. Mtoto mzima, dada. Mzima kabisa."

Luzia akatokeza kweli, amekonda, anamfokea ndama mmoja mkaidi, kengele ya Falka ikiwa begani mwake. Nilimpapasa kichwa na mabega kama mtu anayenunua mbuzi. Aliniambia mashada yalikuwa tayari yameshafumwa. Majirani wenye ng'ombe walimsihi mjomba wawavishe tu, kwa vile Falka alikuwa mzee asiyetoa maziwa tena, na wageni wanapenda maua. Mjomba hakubishana nao. Aliyabeba yote, akaenda kuyaweka pale alipoangukia Falka.

Hofu ilipoondoka, hasira ikachukua nafasi yake. Nilimwambia Ambros angalitafuta mtu wa kuniletea habari.

"Si nimeleta?" akasema, akielekeza fimbo kwenye vichwa vya ng'ombe.

"Umeleta nusu. Nusu hiyo karibu iniue."

Akarudi mbele. Tukaanza kuteremka, mimi na Luzia nyuma ya kundi. Kwenye nyumba ya kwanza, mama mmoja alikuwa amesimama mlangoni, mkono kifuani, akitazama ng'ombe wanaopita. Ambros akasimama. Akavua kofia, akapaza sauti ambayo sikujua anayo:

"Ni Falka, ng'ombe wangu! Watu wote wazima!"

Akasema hivyo hivyo kwenye nyumba ya pili, na ya tatu, na kila mlango tulioupita hadi bondeni, hata sauti ikamkauka. Luzia alimwambia aseme ni ng'ombe tu, watu wataelewa upesi zaidi. Ile "tu" aliikataa.