Kaseti Safi za Fundi Mizani

Mtaani walimwita Fundi Mizani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani za maduka. Ungemkuta kibandani ameinamia jiwe la kilo, analikwangua kwa tupa taratibu kama anayemnyoa mfalme. Gramu mbili kwake zilikuwa ugomvi. Mtu wa namna hiyo akipenda muziki, hapendi kama mimi na wewe.

Sebuleni kwake kulikuwa na kiti kimoja tu cha kusikilizia. Spika mbili, ambazo masanduku yake aliyaunda kwa mkono wake, zilikitazama kiti hicho, na alama za rangi sakafuni zilionyesha kila mguu wa kiti ukae wapi. Mkewe akipiga deki akakisogeza kidogo tu, bwana aliketi, akaweka santuri, akakunja uso.

"Mwimbaji amehamia kushoto."

"Basi mrudishe, Bwana Sikio," mkewe alijibu. "Mimi nina vyombo vya kuosha."

Mama huyo alikuwa mshonaji, tena mcheshi, na alikuwa na tabia moja iliyomkosesha mumewe raha: hakuweza kusikia wimbo akanyamaza. Aliufuata kwa kuimba puani, mguu ukiendesha cherehani. Fundi akadai cherehani inamharibia muziki, ikahamishiwa jikoni, na mama akaifuata huko. Hakununa hata siku moja. Angenuna, pengine leo Fundi angekuwa na kitu cha kujitetea nacho.

Sasa kosa lenyewe. Zamani, kabla hajapata waya wa kuunganishia vyombo vyake vya muziki, alirekodi nyimbo kwa kuweka maikrofoni mbele ya spika, nayo ilizoa kila kitu. Kaseti zake za mwanzo zilijaa mkewe: anaimba, anacheka, anauliza nani kachukua mkasi wake. Alipopata vyombo vya maana, kaseti hizo akaziita chafu. Kila siku ya mapumziko alichukua moja, akarekodi wimbo uleule juu yake, safi, bila hata kikohozi. Kazi hiyo ilimchukua miaka miwili. Ubavuni mwa kila iliyokamilika aliandika kwa wino mwekundu: SAFI. Alijisikia mtu wa maana kweli.

Mkewe alifariki binti yao wa mwisho akiwa na miaka tisa, enzi ambazo simu za nyumbani bado zilikuwa na waya. Miaka ikaenda. Mwezi uliopita binti huyo, ambaye sasa naye ni mama, alikuja na mwanawe mgongoni, akasimama mbele ya rafu.

"Baba, sauti ya mama imeanza kunitoka. Sura ninayo, picha zipo. Jana nilitaka kumwimbia mtoto kama mama alivyokuwa akiimba, nikajaribu kuikumbuka sauti yake, sikuipata. Kwenye kaseti zote hizi, hayumo?"

"Hawezi kukosa," alisema Fundi, akiutazama ule wino mwekundu.

Wiki tatu hakufungua kibanda. Yeye aliyejisifu kwamba anasikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye uzi, sasa alitafuta uchafu. Akatoa moja: SAFI. Nyingine: SAFI. Alitega sikio kati ya wimbo na wimbo, akitumaini amesahau mahali, amezembea, amefanya kazi ovyo japo mara moja. Kaseti baada ya kaseti, hakuwa amezembea. Mimi simtetei, ila siku aliyofika rafu ya mwisho alilia kwa sauti, na hilo jirani yake alilisikia.

Binti aliporudi, Fundi alimkalisha kwenye kile kiti. Hakuwahi kumkalisha mtu hapo.

"Nimepata moja," alisema. "Ni mwanzoni kabisa, kabla wimbo haujaanza. Nilipoifuta nilichelewa kidogo kubonyeza. Usitegemee makubwa."

Kaseti ikazunguka. Ikasikika sauti ya kike ikiimba puani, fupi, haijafika popote. Halafu sauti ya Fundi mwenyewe, ya ujana, kali: "Nyamaza, bwana! Narekodi!"

Kisha yule mama, karibu kabisa, kicheko kimefichwa ndani: "Haya, Bwana Sikio. Nimenyamaza."

Mlango ukafungwa polepole, asisumbue. Muziki ukaingia, msafi kabisa.

Binti alicheka, kisha akafunika uso. "Rudisha, baba."

Akarudisha. Akarudisha tena. Kila mara, kabla ya kumfikia mkewe, ilimbidi ajisikie mwenyewe akimkaripia.

"Nikikutolea nakala," alisema mwishowe, bila kumtazama, "naweza kuifuta sauti yangu. Ibaki ya mama yako peke yake, safi."

"Usifute kitu, baba," binti alisema. "Umeshafuta vya kutosha."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akabonyeza kitufe cha kurudisha.