Video Yangu Ilipita, Chanjo ya Kuku Ikabaki

Niliwaua kuku wa Mama Zaituni. Sikuwachinja, sikuwawekea sumu, hata kisu sikushika. Niliwaua kwa kidole, nimekaa juu ya pikipiki, natabasamu kama mjinga. Jina langu naliacha kwa ajili ya mama yangu, ambaye bado anawaambia watu kanisani Iguguno kwamba mwanawe ni daktari wa kuku.

Mimi si daktari. Niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyaongelee. Ila napenda watu, napenda kuku, na kazi niliyopata ilinifaa kabisa: kuzunguka vijijini na tableti, kuandikisha vikundi vya akina mama wanaofuga kuku wa kienyeji, na kutuma idadi ya kuku wanaohitaji chanjo ya mdondo. Kama hujui mdondo, mshukuru Mungu. Asubuhi kuku mmoja anapinda shingo, na kabla wiki haijaisha banda zima liko kimya.

Utaratibu ulikuwa hivi. Namba zangu zifike ofisini, Singida mjini, kabla ya Jumatano saa sita mchana. Alhamisi chanjo inatolewa kwenye friji, inapangwa kwenye boksi la barafu, na kila kikundi kinapata kadiri kilivyoandikwa. Ambacho hakikutumwa hakipati. Chupa ya ziada hakuna.

Sasa nikuulize wewe unayekaa chini ya mnara: umewahi kutuma kitu ukiwa njia ya Mtinko? Mjini wamejaza mabango, kasi, kasi, kasi, na picha ya msichana anacheka na simu. Wamlete huyo msichana huku tuone kama atacheka! Unatoka mjini una vijiti vinne. Ukifika kwenye mashamba ya alizeti vimebaki viwili. Ukishuka bondeni hakuna kitu, ni kale kaduara kanazunguka tu mpaka macho yanauma. Kifurushi cha wiki kinaisha muda wake hujatuma hata mstari mmoja. Na bei wanakutoza ileile ya mtu wa mjini. Hawaoni haya!

Na bosi wangu naye. Kila nikimpigia kwamba mtandao hakuna, ananijibu kutoka ofisini, nasikia na feni yake, kwamba kwenye ramani yake Mtinko kote ni kijani. Ramani! Nilitaka kumwambia aje apige kambi kwenye hiyo ramani. Nilichosema ni sawa bosi.

Hasira hizo zote ni za haki, na hazinisaidii. Kosa ni langu.

Jumanne moja nilikuwa Mtinko, kwa Mama Zaituni. Ni mjane, mwenyekiti wa kikundi, mfupi, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe wa watu, maana wake hana. Alichokuwa nacho ni kuku arobaini na kitu, na hao ndio waliokuwa wanamsomesha binti yake, Zaituni, kidato cha tatu, bweni. Nilimpa shikamoo, akanipa uji wa uwele, akaanza kunitania kwamba sisi Wanyiramba tunakula kuku mpaka manyoya, ndiyo maana serikali imeona bora nipewe kazi ya kuwachanja nisije nikawamaliza. Nikamwambia mimi natazama tu, nanusa kidogo. Wenzake wakacheka.

Nikaandika majina yao kumi na mawili na idadi ya kuku wa kila mmoja. Nikabonyeza tuma. Kaduara. Nikabonyeza tena. Kaduara.

Nyuma ya nyumba yake kuna jiwe kubwa ambalo kijiji kizima hulipanda kikitaka kupiga simu. Nikalipanda. Nikainua tableti juu kama mtu anayemwonyesha Mungu kitambulisho. Nikageuka upande wa mjini, nikageuka upande wa Haydom. Mwishowe tableti ikaandika: imehifadhiwa. Maana yake fomu imekaa tumboni mwake, itajiendea yenyewe ikikutana na mtandao.

Chini akina mama wanane, tisa, wamesimama juani wananitazama. Mama Zaituni akaita:

"Mwanangu, imeenda?"

Ndugu msomaji, kwetu mtu aliyekupa uji na kukuita mwanangu humrudishii hapana mbele ya wenzake. Tumelelewa hivyo. Na kusema kweli niliwaonea huruma, wameacha kazi zao toka asubuhi.

"Imeenda mama. Tayari."

Wakapiga vigelegele. Nikashuka kwenye lile jiwe najiona mkombozi. Nikajiambia njiani itapita tu, kwa hiyo huu si uongo, ni ukweli uliochelewa kidogo. Oneni akili ya mtu!

Sasa upumbavu wenyewe. Mimi nina ndoto ya kuwa mchekeshaji. Natengeneza video, namhoji jogoo mambo ya maisha, halafu namjibia kwa sauti yake. Asubuhi ile nilikuwa nimerekodi moja tamu sana, jogoo analalamikia Krismasi. Nilirekodi kwa tableti ya kazi kwa sababu kamera yake ni nzuri, na bando lake linalipwa na ofisi. Kwa hiyo tumboni mwa tableti kulikuwa na vitu viwili vinasubiri njia: video yangu, na fomu ya akina mama.

Narudi mjini, nimefika kwenye mwinuko, tableti ikatetemeka kwenye begi. Nikasimama. Vijiti viwili! Video ikawa imeshaanza kupanda. Chini yake fomu imeandikwa: inasubiri.

Nilijua. Msidhani sikujua. Kwa mtandao mwembamba namna ile, kitu kikubwa kikikaa mlangoni, kitu kidogo hakipiti. Nilitakiwa kubonyeza mara moja tu, video isimame, na ile fomu ingepita kama sindano kwenye kitambaa.

Lakini video ilikuwa asilimia sitini. Ukiisimamisha inaanza upya. Sitini na tano. Sabini. Nikasema imalize kwanza, fomu ni ndogo, itafuata. Tisini. Mia! Nikaruka ruka peke yangu kando ya lami, mwenye ng'ombe aliyekuwa anapita akanishangaa.

Kabla sijavaa kofia ya pikipiki ujumbe ukaingia: kifurushi chako kimekwisha.

Fomu bado inasubiri.

Na hapo bado nilikuwa na nafasi. Ningempigia bosi nimsomee zile namba kwa mdomo, dakika mbili, kwisha. Nilikuwa na simu yangu, nilikuwa na salio, nilikuwa na Jumatano asubuhi yote. Lakini angeniuliza bando la wiki nzima limekwenda wapi Jumanne. Nikanyamaza. Saa sita ikapita nikiwa nasoma maoni ya watu kwenye video yangu.

Alhamisi boksi la barafu likafunguliwa, Mtinko hamna kitu. Nikaenda hivyo hivyo, nikawaambia chanjo imechelewa huko inakotoka. Uongo wa pili, na huu nilikuwa nimeuandaa njiani, nimeupigia pasi kabisa. Mama Zaituni akasema basi tutasubiri, akanishukuru kwa kuja kuwapa taarifa.

Zamu nyingine ya Mtinko ilikuwa wiki ya tatu, nikarudi. Nilizima pikipiki nikaona kitu hakiko sawa. Hakuna jogoo aliyewika, hakuna kifaranga aliyenipita miguuni. Mama Zaituni alikuwa anafukia shimo nyuma ya banda. Walikuwa wamebaki watatu. Na mlangoni alikaa Zaituni, katikati ya muhula, amevaa kanga, siyo sare.

Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake yule mama akaniomba radhi. Alisema amefikiri sana, akaona labda siku ile yeye ndiye aliyenitajia hesabu vibaya, ndiyo maana chanjo haikuja, na wenzake wamempa lawama, na amezikubali.

Mimi ni mtu wa kulia upesi, sifichi. Nikakaa palepale chini nikamweleza yote, jiwe, video, kifurushi, kila kitu. Zaituni akaingia ndani. Mama yake akaendelea kusukuma udongo kwa jembe mpaka shimo likajaa. Halafu akaniuliza:

"Ulivyokuwa juu ya jiwe, ulikuwa unajua haijaenda?"

"Nilikuwa najua, mama."

"Jioni ile mdogo wangu aliondoka hapa na lori la alizeti kwenda mjini. Ungeniambia, ningempa karatasi."

Karatasi! Kipande cha daftari, kwenye mfuko wa shati, juu ya magunia. Kingefika mjini usiku uleule, na ofisini kabla ya saa sita ya Jumatano. Mnara wao, ramani yao, 4G yao, vyote hivyo vingepitwa na lori bovu.

Akachukua jembe lake, akaingia ndani. Laiti angenipiga.

Nilimweleza bosi pia, akanifukuza kazi, na alikuwa sahihi, japo ramani yake bado ni ya kijani na bado ni ya uongo. Video niliifuta. Ilikuwa imetazamwa na watu wachache, wengi ndugu zangu. Nilimpelekea Mama Zaituni vifaranga kumi na wawili kutoka kwa mama yangu. Aliwapokea kwa mikono miwili, akasema asante, akafunga mlango. Zaituni hajarudi shule. Akina mama wa pale sasa hawataki kumwona mtu yeyote mwenye tableti, hata akiwa mkweli, na aliyechukua nafasi yangu anazungushwa kwa ajili yangu.

Ninyi wenye makampuni, ondoeni yale mabango au leteni huo mtandao mnaoutangaza. Mnatuma vijana barabarani na vitu vinavyozunguka tu, halafu mnatuuliza kwa nini hatufikii malengo!

Na wewe kijana mwenzangu unayezunguka vijijini na mashine ya ofisi, ukiandikisha kuku, wagonjwa, wanafunzi, sijui mbegu: huruma yangu ndiyo iliyochimba lile shimo. Isipoenda, sema haijaenda. Sema mbele ya watu, uone aibu, wanune. Mtu akijua haijaenda atatafuta njia yake. Mwambie wakati lori bado halijaondoka.