Shangazi wa Siku Tatu

Mpaka leo, mtu akifungua peremende kali ya kifua ndani ya lifti ya kazini kwetu, mimi sipo tena Dubai. Nipo Kobe, Japani, nina miaka minane, nimevishwa makoti mawili juu ya gauni la Idi, na mkono wangu umo ndani ya mkono wa mwanamke aliyeziba pua na mdomo kwa barakoa nyeupe. Alikuwa na mafua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na peremende hizo hazikumtoka kinywani. Nilimwita Shangazi. Nitaeleza kwa nini, ingawa nakiri mapema kwamba kisa hiki kina mahali ambapo hata mimi mwenyewe sijielewi, na si kwamba sijajaribu.

Tulikuwa tukikaa mtaa wa Al Baraha hapa Dubai, ghorofa ya tatu, mimi, baba, mama na Bibi aliyemzaa baba. Asili yetu Unguja. Babu alikuwa baharia wa meli za mizigo, nami nilimjua kwa picha tu: kijana aliyevaa kofia upande, anacheka, na katikati ya meno yake ya juu ana mwanya mpana ambao Bibi alisema ndio uliompumbaza mpaka akakubali posa. Kabla baba hajazaliwa, meli ya Babu ilikwama Kobe miezi kadhaa kwa matengenezo, na huko akaacha mtoto wa kike. Mama wa mtoto aliandika barua. Bibi akazipokea yeye, akazificha chini ya sanduku lake, wala hakumwonesha mumewe hata moja. Babu akafa bila kujua kama alikumbukwa. Siku Bibi alipoitoboa siri hiyo, baba alitoka akaenda kukaa msikitini mpaka baada ya Isha. Lakini Bibi alikuwa mgonjwa wa moyo, hashuki tena ngazi, na wimbo wake ulikuwa mmoja: “Mtafuteni yule mtoto, mniombee radhi kwake. Sitaki kwenda na hili kifuani.” Basi baba, aliyekuwa akiuza vipuri vya magari ya Kijapani kule Al Quoz, akamwomba mfanyabiashara mwenzake wa Japani amtafutie mwenyeji wa kututembeza mjini, na shule zilipofungwa Desemba tukaondoka. Mama alibaki na mgonjwa. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nililia siku mbili mfululizo, na Bibi akaniita kitandani akaniagiza: “Ukimwona shangazi yako, mbusu mkono. Mwambie Bibi anaomba radhi.”

Sasa jamani, mnihukumu wenyewe. Mtoto kaambiwa anakwenda kumtafuta shangazi yake. Anatoka uwanja wa ndege, anamkuta mwanamke wa makamo ya baba yake amesimama na karatasi yenye jina la ukoo wao. Angefikiri nini? Nilimkimbilia, nikasema, “Shikamoo Shangazi,” nikaushika mkono wake nikaubusu. Mwanamke wa watu akashtuka, kisha akaniinamia. Mtu mzima ananiinamia mimi! Baba alicheka kwa furaha, akamfundisha kujibu marahaba, naye akalijaribu neno lile polepole mpaka likakaa. Baba aliona binti yake ana adabu, basi. Kwetu kila mwanamke wa rika lile ni shangazi au mama. Hata mwenye duka la chini ya jengo letu nilimwita shangazi, naye ni mtu wa Mombasa tusiyehusiana kwa lolote. Baba akasikia heshima. Mimi nilimaanisha damu. Weupe wake haukunishughulisha kabisa, maana katika ukoo wetu wamo wa rangi ya maziwa na wamo wa rangi ya kahawa, na wote hula sinia moja. Nikajiambia, kumbe kazi yenyewe ilikuwa nyepesi hivi.

Bi Noriko, ndilo jina lake, alitutembeza siku tatu. Kobe ni mji uliobanwa kati ya mlima na bahari, na watu wake hawakuelekezi kwa msikiti wala kwa mzunguko wa barabara kama sisi. Wanasema duka lipo upande wa mlima, benki ipo upande wa bahari, na unakwenda. Asubuhi mitaa ilinuka mikate. Kulikuwa na mashine pembeni mwa njia zilizotema makopo ya kinywaji cha moto, na Shangazi alininunulia moja nikapashia vidole joto. Alituonesha bandari ambako meli za zamani zilitia nanga, akatupandisha kilimani tuuone mji wote. Kila tulipofika mahali, baba alitazama haraka haraka, akashukuru, kisha akatoa mfukoni bahasha kuukuu ya barua moja ya Bibi, yenye anwani. Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Shangazi aliichukua bahasha ile, akaisoma, akawauliza wapita njia. Nao waliinama, wakavuta pumzi kwa meno, wakaonesha huku na kule. Mtu anaulizaje njia ya kwao? Na baba anamtafuta nani tena, wakati mwenyewe huyu hapa, kanishika mkono? Nilidhani labda wakubwa wana utaratibu wao, kwamba ndugu waliopotezana hawaruhusiwi kukumbatiana mpaka nyumba ionekane. Nilikuwa mtoto mwenye maneno mengi, lakini kumhoji mkubwa kuhusu udugu wake sikufundishwa.

Kitu kimoja nilikitamani kweli, nacho ni kuuona mdomo wake. Nilitaka kuuona ule mwanya. Lakini Bi Noriko hakula nasi hata mara moja. Alituketisha, akatuagizia samaki na wali, kisha akatoka nje asituambukize mafua, nasi tukala tukimwona mgongo wake kupitia kioo. Siku ya pili aliteremsha barakoa ili anywe chai, nikainama chini ya meza kuchungulia, naye akageukia ukutani. Baba alinifinya.

Siku ya tatu anwani ilipatikana. Ilikuwa jengo la kuegeshea magari, ghorofa nne za magari matupu. Mzee mmoja wa duka jirani alisema nyumba za pale zilikwisha kubomolewa zamani na watu wakatawanyika, hajui wapi. Baba aliketi ukingoni mwa barabara, yeye na suti yake, akafunika uso. Sijawahi kumwona vile. Mimi nikaona wakati ndio huu, nyumba imeonekana, ingawa imekuwa gereji. Nikamwambia Shangazi kwa Kiingereza changu cha shule kwamba Bibi yangu anaomba radhi. Alichuchumaa mbele yangu, macho yamemjaa maji, sijui ni mafua. Akasema taratibu, “Mwambie ni sawa. Asiwe na wasiwasi.” Baba hakusikia. Aliinuka, akajipangusa, akaniambia, “Yalla, mama, twende.”

Uwanja wa ndege baba alimpa bahasha nyingine, mpya, kwa mikono miwili, naye akaipokea kwa mikono miwili. Ulikuwa ujira wake. Nani humlipa dada yake? Ndani ya ndege nilitaka kuuliza, nikaogopa, kwa sababu nilijua baba angenijibu.

Tulimkuta Bibi ameegemezwa mito, kajitia wanja. Baba aliinama kuvua viatu, na alivivua polepole mno. Bibi hakumngoja. Alinitazama mimi. “Mlimpata?”

“Tulimpata, Bibi. Kasema ni sawa, usiwe na wasiwasi.”

Mkono wa baba ulisimama juu ya kamba ya kiatu. Bibi akaniuliza, sauti imekwisha, “Ana mwanya?”

“Anao. Mkubwa, kama wa Babu.”

“Mtume!” Bibi akacheka na kulia kwa pamoja, akajipiga kifua kidogo. “Mwanya wa mume wangu huo!” Jioni ile aliomba uji, akaumaliza. Alifariki kabla ya Ramadhani, uso umetulia, na baba hakusema kitu wakati ule wala baadaye.

Siku hizi baba anakaa nami Al Warqa. Zamani zile dunia ilikuwa kubwa, na mtoto aliweza kumpata shangazi mlangoni mwa uwanja wa ndege. Sasa nina Kobe nzima kwenye simu. Naweza kulitazama jengo lile la magari nikiwa nimelala kochini, na nimeandika jina la yule mama lililokuwa kwenye bahasha ya barua kila mahali pa kuandika, sijampata mtu. Ijumaa iliyopita, tukinywa chai, baba aliniuliza kwa mara ya kwanza: “Siku ile ulimdanganya Bibi yako, au uliamini?” Nikamwambia niliamini, wallahi. Alishusha pumzi, akasema alhamdulillahi, akaomba sukari zaidi. Habari ya mwanya hakuniuliza, na siku zote tatu sikuyaona meno ya yule mwanamke.