Sura ya Blogu

Wateja walimwita Pindo, kwa sababu pindo aliloshona yeye lilikuwa halifumuki hata nguo yenyewe ichakae. Utotoni mafuta ya moto yalimmwagikia shavu la kushoto yakateremka hadi shingoni, na ngozi ilipopona ilijikunja, ikavuta pembe ya mdomo. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye cherehani yake katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama, na kati ya cherehani na mlango palikuwa na pazia. Mama ndiye aliyelitundika.

"Mteja akipiga hodi nitampokea mimi," alisema. "Nitampima, nikuletee vipimo, wewe ushone."

Huko nyuma ya pazia ndiko Pindo alikoanza kuandika kwenye simu yake. Aliandika namna ya kupachika mkono wa gauni bila kufanya makunyanzi, na namna ya kumkatia nguo mama mwenye kibyongo asiyetaka kuambiwa kwamba ana kibyongo. Aliwatumia wateja wachache, nao wakawatumia wenzao. Mdogo wake wa kike, muuza simu ambaye nyumbani waliendelea kumwita Kitinda ingawa kimo alishampita kila mtu, akasema, "Dada, haya maneno yanapotea bure. Tufungue blogu."

Jumapili moja waliketi pamoja, kompyuta mapajani mwa Kitinda, kuchagua muonekano wa blogu. Ulikuwepo uliojaa maua hadi herufi zikakosa pa kukaa. Mwingine ulikuwa mweusi tii, na Pindo akasema unafanana na tangazo la msiba. Mwingine ulikuwa visanduku vitupu, kama kabati la dawa. Wakacheka. Kisha ukaja mmoja wenye herufi kubwa na nafasi pana pembeni, kurasa zikipumua kama kitambaa kilichokatwa bila ubahili, na juu katikati duara.

"Huu," Pindo akasema.

Kitinda aligusa duara kwa kidole. "Huu una picha, dada."

"Nimeiona."

"Hapo panakaa picha ya mwandishi."

"Nimeelewa."

"Watu wanakuja kusoma habari za mishono. Usiwape habari nyingine."

Mama alikuwa akikunja nguo zilizokauka. Hata hakuinua macho. "Msikilize mwenzio," alisema, kwa sauti ile ile ya kuomba chumvi. "Bidhaa yenye ufa haiwekwi dirishani."

Pindo akasema basi duara liwekwe picha ya cherehani. Kitinda akajibu kwamba watu watadhani ni duka la vyuma. Wakachagua mwingine, mweupe, usio na duara, na blogu wakaiita Mshono wa Nyumbani. Pindo akakiri kwamba kwa kusoma haukuwa mbaya. Blogu ilifunguliwa kwa namba ya simu ya Kitinda, na neno la siri akabaki nalo Kitinda.

Wasomaji walikuja wachache wachache, kisha wakaja kama siafu. Mjane mmoja aliandika kwamba alifumua koti la marehemu mumewe na kulishona upya likamtosha mwanawe, kwa kufuata maneno ya Pindo hatua kwa hatua, na kwamba siku mtoto alipolivaa, yeye mama mtu alilia mpaka akacheka. Pindo alisoma hayo sindano ikiwa imesimama ndani ya kitambaa. Wengine waliuliza, wewe ni nani? Tuonyeshe sura yako.

Asubuhi moja alifungua blogu akadhani amekosea njia. Muonekano ulikuwa umebadilishwa. Herufi kubwa, nafasi pana pembeni, duara juu katikati. Ule ule alioutaka. Ndani ya duara Kitinda alikuwa anacheka, na shingoni ametundika utepe wa kupimia. Chini yake wasomaji walikuwa wameshajipanga: sasa tumekuona, unafanana na maandishi yako.

Alimngoja mdogo wake arudi kutoka kazini.

"Kiwanda cha vitambaa kimetuandikia," Kitinda alisema akivua viatu. "Kinataka mwandishi akazungumze kwenye maonyesho. Ningemweka nani mbele?"

"Mwandishi."

"Usinifanye mbaya, dada. Maneno ni yako, hakuna aliyekunyang'anya. Mimi nimekuazima uso tu. Wewe huna wa kumwazima mtu."

Pindo alimtazama mama. Mama alisema kila mtu na fungu lake, na kwamba heri nyota ya nyumba iwake kwa yeyote kuliko kuzimika.

Siku ya maonyesho Pindo alibeba mfuko wa nguo. Alikaa ubavuni mwa jukwaa na pini mdomoni, akimsikia mdogo wake akiyasema maneno yake moja baada ya jingine, bila kukosea, tena vizuri kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeyasema. Watu walipiga makofi. Yule mjane alikuwepo, na mwanawe amevaa lile koti. Alipanda akamkumbatia Kitinda, machozi yakimtiririka, kisha akamwona Pindo na haraka akageuza macho.

"Huyu?"

"Ananisaidia kupiga pasi," Kitinda akasema.

Mjane akampa Pindo mkoba wake amshikie, apate kumkumbatia Kitinda vizuri.

Wiki ile ile Pindo alifungua blogu yake mwenyewe. Safari hii hakuomba shauri. Alichukua muonekano ule wenye duara, akajipiga picha dirishani, kovu likitazama mwanga, akaiweka. Aliandika kuhusu kola. Maoni ya kwanza yalisema: hata muonekano umeiga, mwizi mkubwa wewe. Ya pili yaliuliza kama kwa uso huo hakuona haya. Ya tatu yaliandikwa na mjane: "Nilikuona siku ile. Dada wa watu kakupa kazi, nawe unamlipa kwa kumwibia."

Alimpelekea Kitinda simu. "Andika mstari mmoja. Sema ukweli tu, basi."

Kitinda alisoma maoni yote. Uso ulimshuka, na kwa kitambo Pindo alidhani ataandika. Kisha akamrudishia simu.

"Nikiandika, mimi nitakuwa nani?"

Hapo damu ikawa nyepesi kuliko maji. Pindo alihamisha cherehani, akapanga kibaraza karibu na wauza mbao, akakaa akiitazama barabara. Watoto walimkodolea macho, wakazoea. Aliamini moyoni kwamba bila yeye Mshono wa Nyumbani utakufa. Haukufa. Kitinda aliweka picha nyingi na maneno machache, na kila mara akachomeka kipande cha zamani cha dada yake, na wasomaji wakazidi. Kwa Pindo matusi yaliisha, kisha kukawa kimya, na kimya kilimuuma zaidi. Aliendelea kuandika. Picha hakuitoa.

Siku moja alikuja mteja kijana na kitambaa cha harusi ya dada yake. Aliitazama kazi iliyotundikwa, hakuutazama uso, akatoa simu, akafungua Mshono wa Nyumbani.

"Nataka mkono upachikwe hivi hivi kama ilivyoelezwa hapa. Nimezunguka kwa mafundi, wote wanaukwepa. Ukishindwa useme mapema, usiniharibie kitambaa."

Pindo alisoma. Yalikuwa maneno yake ya mwanzo kabisa, hata kosa la tahajia halijarekebishwa.

"Ni kazi ngumu," alisema.

"Huyu dada anaijua."

"Anaijua," Pindo akasema, akakunjua kitambaa mezani na kuchukua mkasi.