Sanduku la Kurudi Kwao

Miaka ya hamsini baba yangu, Laurenti, alikata mkonge Tanga, na kila akilipwa alinunua kitu cha kurudi nacho kwao Songea. Blanketi la mama yake, sufuria, mashuka, vyote alivifungia sandukuni, nasi watoto tukajifunika magunia, jamani! Mama alipotaka kupanda mnazi uani, baba alifoka, “Sisi wapita njia. Utamwachia nani?”

Kisha habari ikaja kutoka Songea kwamba bibi, mama yake baba, amefariki. Kesho yake baba alifungua sanduku, akawagawia majirani vitu vipya vilivyozeekea humo. Blanketi la bibi alinifunika nalo mimi. Harufu yake ninayo hadi leo.

Jioni alirudi amebeba mche wa mnazi.

“Mama Lea,” alimwita mama, “ulisema tuupande wapi?”